Maji ya Ziwa Victoria yakifika Urambo, kisima changu nikifukie au?

Asali Mbichi (mwanzisha uzi)

Wakuu mwangaluka. Niko Urambo, nina gesti ya vyumba 9 na nyuma yake tunaishi familia. Mwaka juzi nilichimbisha kisima kwa mashine, hela nyingine nilikopa kikoba nyingine nikangoja malipo ya tumbaku, sasa ndo kwanza nimeanza kupumua naona mitaro inachimbwa na mabomba yamelazwa pembeni ya barabara, naambiwa ni maji ya Ziwa Victoria yanakuja kupitia Tabora, kwamba sisi na Kaliua na Sikonge tumo kwenye ule mradi wa miji 28.

Furaha ipo, sikatai. Kiangazi cha huku dumu linafika 500 na mwenye mkokoteni anakuja akijisikia. Ila nina wasiwasi wangu naomba mniondoe. Hivi kweli maji yatoke Misungwi huko Mwanza, yapite Shinyanga, Nzega, Tabora mpaka huku kwetu yakiwa bado yana nguvu na bado yananyweka? Halafu bili, maana mzigo ukitoka mbali nauli analipa mnunuzi. Na kisima changu je? Maji yake siyo ya chumvi sana ila ikifika Oktoba pampu inaanza kukohoa. Nimeuliza mafundi wawili, mmoja kasema achana na kisima ingia kwenye bomba, mwingine kasema unganisha vyote kwenye laini moja viwe vinasaidiana.

Nyie wa Shinyanga, Kahama, Nzega, Igunga na Tabora mlitangulia, nambieni ukweli, siyo ule wa majukwaani.

Ngosha wa Ibinzamata

Mwangaluka mkuu. Sisi Shinyanga tuna zaidi ya miaka 15 na maji ya ziwa kwa hiyo sikuhadithii ya kusikia. Kabla ya hapo mji ulikuwa unategemea bwawa la Ning'hwa, na mvua ya Shinyanga unaijua ilivyo na maringo. Mi nilikuwa sekondari, kiangazi tunaamka saa 10 usiku na mama tunaenda mtoni, siyo kuchota, kuchimba mchanga, unakaa na kikombe unasubiri maji yajikusanye shimoni, ukijaza madumu mawili kumekucha na shule umechelewa na fimbo inakusubiri. Mei 2009 Kikwete akaja kuzindua, mradi umejengwa kwa hela ya ndani, zaidi ya bilioni 250, marehemu Lowassa ndo alikuwa waziri wa maji wakati unaanza na aliusukuma sana, hilo hata wasiompenda wanalikubali.

Kwa hiyo swali la kwanza jibu ni ndiyo, yanafika na yananyweka. Ila usije ukadhani ukishaunganishwa umehama dunia. Nyumba za mwinukoni ndo za kwanza kukosa zikikatika na za mwisho kupata zikirudi. Simtanki lako usiliuze.

Dogo wa Stendi

Kisima usifukie bro, fuga kambale 😂😂

Fundi Koki

Nimeshika spana miji mitatu ya kanda hii, sitaji jina la mtu wala la ofisi. Huyo fundi aliyekwambia uunganishe kisima na bomba la mji kwenye laini moja akija tena mpe chai ya heshima umwambie kazi imeshapata mtu.

Iko hivi. Siku bomba la mji halina presha halafu wewe umewasha pampu, maji ya kisima chako yanarudi kinyumenyume yanaingia bomba la mtaa, na anayeyanywa ni jirani yako. Mita nayo inaweza kuzunguka kinyume, ukaguzi ukipita unaonekana umeichezea wakati hata hujui kilichotokea. Atakwambia weka noniritani, ile valvu ya kupitisha maji upande mmoja tu, sawa, nayo ikishakula mchanga miaka miwili haifungi vizuri na hakuna anayeikagua. Dawa ni laini mbili zisizojuana. Tenki la bomba liende jikoni na mabafuni, tenki la kisima liende vyooni, kufua mashuka na kumwagilia. Gesti ya vyumba 9 mashuka tu yanakunywa maji kuliko wageni. Kama hela ya tenki la pili haipo basi bomba la mji limwage kwa juu ya tenki, mdomo wake uachane na maji, usizame kabisa. Ile nafasi ya hewa haichakai wala haihitaji spea.

La pili ni presha. Watu waliozoea maji ya kuchuruzika wanapigwa butwaa hapa. Kila mita 10 za kimo ni baa 1 ya presha, kwa hiyo tenki la mji likiwa mlimani mita 60 juu ya nyumba yako, usiku watu wamelala hakuna anayefungua koki unapokea karibu baa 6, halafu umefunga boya, ile valvu ya kufunga maji tenki likijaa, la bei chee kutoka duka la stendi. Boya linaachia saa 8 usiku, tenki linamwaga mpaka asubuhi, na yote hayo yamepita kwenye mita. Mteja wangu mmoja alimwaga hivyo siku nne akiwa msibani, aliporudi ua umeota majani na bili anaitazama kama barua ya mahakama. Nunua boya la shaba, weka geti valvu baada tu ya mita, ukisafiri funga.

Mabomba ya zamani ya mji nayo ni kesi. Yale ya chuma yamelika kwa ndani, yanashikiliwa na kutu yenyewe, presha mpya ikiingia yanaachia moja baada ya jingine. Mji mmoja nilikuwa kibarua wakati laini kubwa inafunguliwa, wiki tatu tulikuwa tunalala na viatu. Unaziba hapa panapasukia mita hamsini mbele. Na maji yanakuja na rangi ya chai ya rangi, watu wanapiga simu wanatukana kwamba ziwa ni chafu, kumbe ni tope la miaka 30 lililolala ndani ya mabomba yao wenyewe, kasi imebadilika na pengine maji yanapita kutoka upande mwingine, lile tope limeamka. Siku hiyo usijaze tenki, fungua koki ya nje yatoke mpaka yanyooke.

Hewa: maji yakikatika bomba linajaa hewa, yakirudi hewa inatangulia na inasukuma mita vilevile. Ukisikia koki inapiga miluzi funga kwanza, acha ya jirani ipige miluzi 😅

Bi Mkubwa Nzega

Fundi umeniua hapo mwisho 🤣 ndo maana mwenzangu wa ukuta wa pili kila maji yakirudi kwake kimya

Mzee wa Hidroliki

Kijana Asali, mimi nimestaafu lakini bomba hili nalifahamu toka lilipokuwa mchoro, nikueleze kidogo maana watu husema "maji ya ziwa" kana kwamba kuna mtu anayamimina tu.

Chanzo kiko Ihelele, Misungwi. Pale yanavutwa, yanawekewa dawa ya kugandisha tope, yanachujwa, yanatiwa klorini, kisha yanasukumwa kwa pampu kupanda kilima cha Mabale kwenye tenki la lita milioni 35. Umeme mwingi wa mradi unaliwa hapo kwenye kupandisha. Kuanzia Mabale yanateremka yenyewe kwenda Shinyanga na Kahama. Mtambo ulisanifiwa kutoa mita za ujazo 80,000 kwa siku na ukaachiwa nafasi ya kupanuliwa mpaka 120,000. Hizo 80,000 ni madumu milioni 4 ya lita 20. Baadaye likachepushwa bomba pale Solwa kwenda Nzega, Igunga na Tabora, kwa mkopo wa India wa dola milioni 268.35, Magufuli akaja kuzindua Januari 2021. Nyie wa Urambo mko kwenye mkopo mwingine wa hukohuko India, dola milioni 500, mikataba ilisainiwa Juni 2022. Yaani bomba lenu limefungwa kwenye mkia wa bomba lililofungwa ubavuni mwa bomba.

Sasa piga hesabu. Mtambo ukiwa unatoa 80,000 na umeme ukakatika Ihelele, tenki la Mabale likiwa limejaa linashika karibu saa 10 na nusu. Baada ya hapo kila mji unaishi kwa tenki lake. Mwenye tenki kubwa hajui kama umeme ulikatika, mwenye dogo anapiga simu redioni.

Kunyweka: maji yakitembea mita 1 kwa sekunde, kutwa nzima usiku na mchana yanakwenda kilomita 86. Kwa hiyo yanayofika kwako yametoka Ihelele siku kadhaa nyuma, tena yamelala kwenye matenki njiani. Klorini inapungua kadiri inavyosafiri, ikifika mwisho wa laini inaweza isibaki ya kutosha, ndiyo maana dawa huongezwa njiani. Maji kusafiri mbali si tatizo, tatizo ni yule wa mwisho kutopimiwa. Waulize wanaosimamia kwenu kama wanapima klorini kwenye koki ya mwisho wa mji au wanapima pale yanapoingia tu wakarudi ofisini.

Bili nayo ina siri yake. Mji wenye bwawa lake unalipia dizeli au umeme, dawa na mishahara. Mji uliounganishwa ni mwenye duka la rejareja: KASHWASA, mamlaka inayoendesha bomba kuu la Kahama na Shinyanga, anauza kwa jumla, mamlaka ya mji inanunua na kuwauzia nyie, EWURA, mdhibiti wa serikali wa nishati na maji, anapitisha bei ya huku na ya kule. Duka la rejareja likiwa na gunia lililotoboka utafanya nini? Zamani bomba likivuja mtaani lilikuwa linavuja maji ya bwawa lenu, hasara ipo lakini haikuletewa ankara. Sasa kila lita inayovuja imenunuliwa. Chukua mfano tu, mji umenunua uniti 100, zikapotea 30 kwa kuvuja na mita mbovu na wanaojiunganishia usiku, hizo 70 zilizobaki ndizo zitalipa 100. Umbali wa ziwa unasingiziwa sana kwenye bili, wakati mwingine nauli hiyo inalipwa kwenye mtaa wa nyuma ya soko. Niliyasema haya vikaoni mpaka nikaonekana mkorofi, wanataka kukata utepe wa bomba kubwa, bomba la inchi 2 la mtaani halina utepe.

Na vyanzo vya zamani msivitupe. Tabora wana mabwawa ya Igombe na Kazima. Bwawa likiachwa miaka mitano bila mwenyewe, watu wanalima mpaka ukingoni, tope linaingia, pampu inageuka chuma chakavu, siku bomba kubwa likipata hitilafu mnakumbuka mna bwawa kumbe mna shamba la mpunga. Kisima chako ni hivyohivyo. Kiwashe walau mara moja kwa wiki hata kama huna shida nacho.

Asali Mbichi

Shikamoo mzee, nimeelewa sana na nimeogopa kidogo hapo kwenye mkia. Kwa hiyo wote wa juu wakioga ndo sisi tunapata?

Mzee wa Hidroliki

Marahaba. Ikiwa hamna tenki la kutosha, ndiyo. Diwani wenu akifanya mkutano usimuulize maji yanakuja lini, muulize tenki la mji lina lita ngapi na mji unatumia lita ngapi kwa siku. Gawanya. Jibu ndiyo muda mnaoweza kukaa bila kumtegemea mtu wa Tabora kufungua valvu.

Mjadala Moto

Mnasahau Misri. Ziwa Victoria linalisha Nile, na mkataba wa Nile wa 1929 unasema hatuwezi kufanya kazi ya kupunguza maji yanayofika kwao bila ruhusa ya Cairo, siku wakikaza mtarudi kwenye mikokoteni wote

Ngosha wa Ibinzamata

Mkataba wa 1929 aliusaini Mwingereza kwa niaba ya makoloni yake, Nyerere alishasema mapema tu baada ya uhuru kwamba Tanganyika haifungwi na makaratasi ya mkoloni. Tumejenga, tumezindua, maji tumeyanywa. Na huo mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile uliosainiwa Entebbe 2010 umeanza kufanya kazi Oktoba 2024 baada ya Sudan Kusini kuridhia.

Mpita Njia 77

Na kwa hesabu yenyewe Misri haikosi usingizi. Pale Jinja, Uganda, maji yanayotoka ziwani kuingia Nile ni kama mita za ujazo 1,000 kila sekunde kwa wastani, mwaka mwingine zaidi. Hizo 80,000 za Ihelele za siku nzima ni sekunde 80 za Jinja. Hujamaliza kufunga kamba za viatu.

Kinachonichekesha mimi ni kingine. Urambo na Tabora mito yenu inaelekea Malagarasi, Malagarasi inamwaga Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo linatoka kwenda mto Kongo. Kwa hiyo mgeni wa gesti ya Asali akivuta maji ya choo, tone la Nile limehamia Atlantiki 😀 na Shinyanga nako yanaelekea mto Manonga na mbuga ya Wembere huko, hayaendi bahari yoyote.

Binti Manonga

Mimi naomba niseme la sisi wa njiani maana miji ndo inatajwa. Utaratibu wa bomba la kwenda Tabora ulisema vijiji vilivyo ndani ya kilomita 12 kila upande wa bomba kuu vipate maji. Sawa. Ila ukiwa kijijini "kupata" kuna ngazi zake. Kwetu, sikitaji kijiji, bomba lilipita tukaliona likifukiwa, tukawasaidia hadi kubeba, halafu tukakaa misimu miwili ya kupanda tunakanyaga juu ya maji huku tunakwenda kisimani na ndoo kichwani. Mkandarasi wa bomba kuu kazi yake ilikuwa bomba kuu, la kuingia kijijini ni mkataba mwingine, hela nyingine, ofisi nyingine. Baba alikuwa akipita pale anagonga ardhi na fimbo anasema "hodi". Sa hivi kituo kipo mita mia mbili kutoka kwetu na kamati ya maji ipo, nashukuru. Ila Asali kama una ndugu vijiji vya kati ya Tabora na Urambo waambie waanze kuulizia laini ya kuingia kijijini sasa hivi wakati mafundi bado wapo, wasisubiri mpaka mitambo iondoke.

Mnyamwezi wa Michigan

Nipo Marekani mwaka wa 11, naosha vyombo vya watu na kufuatilia uzi wa nyumbani. Hapa jimboni kwetu kuna mji unaitwa Flint, kesi yao inahusu hii hii habari. Walikuwa wananunua maji ya Detroit yanayotoka Ziwa Huron, miaka mingi tu. Wakaamua kujiunga na bomba jipya la mkoa ili wapunguze gharama, sasa bomba halijaisha, wakasema kwa muda huu tutumie mto wetu. Aprili 2014 wakahamia mto Flint bila kuweka ile dawa ya kuzuia maji yasile mabomba. Maji ya mto yalikuwa makali kuliko ya ziwa, yakabandua utando uliokuwa umelala ndani ya mabomba, risasi, yaani ile metali yenye sumu, ikaingia kwenye maji ya kunywa, watoto wakaathirika, Oktoba 2015 wakarudishwa maji ya Detroit na mambo mahakamani hayakuisha leo wala kesho. Huku mabomba mengi ya kuingia majumbani yalikuwa ya risasi, kwetu mengi ni plastiki na chuma kwa hiyo msitishike. Ila anachosema Fundi Koki kuhusu rangi ya chai ni ndugu wa jambo hilohilo, mabomba yakizoea maji fulani ukiyabadilishia chanzo yanajibu.

Fundi Koki

Hapo Michigan kumenyooka. Ndo maana mi sipendi mji uwe unabadili leo bwawa kesho ziwa keshokutwa visima kwenye mabomba yaleyale, kila ukibadili simu zinalia.

Asali kingine nilisahau. Usilipie maunganisho kwa mtu wa mkononi hata akija na kitambulisho shingoni na sare. Unapewa namba ya malipo kwenye simu, unalipa huko, risiti unabaki nayo. Mradi ukikaribia kuisha hao watu wanazaliwa kama kumbikumbi.

Asali Mbichi

Asanteni sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichouliza. Uamuzi wangu: kisima kinabaki, tenki la pili naanza kudunduliza, laini hazitajuana kabisa, boya la shaba nitaagiza Tabora. Fundi wa laini moja nimeshamwambia, kanuna. Jumapili kuna mkutano wa kata, nimeshaandika swali la mzee kwenye karatasi, lita ngapi kwa lita ngapi, mke wangu anasema nitaonekana mpinzani.

Dogo wa Stendi

Kwa hiyo pampu huuzi? Ni hosipawa ngapi, mi nilishaanza kutafuta hela

Asali Mbichi

Moja na nusu. Siuzi. Njoo na kambale wako tuongee.